Zamu ya Mwachofi

Jana usiku niliota nimeitwa jeshini. Mimi, Mghoi, mshonaji nguo wa Mwatate, mwenye wajukuu na magoti mabovu. Hakuna aliyeniuliza umri. Nilijikuta tu nimesimama kwenye jua la mchana mkali chini ya kilima cha Salaita, kule njia ya Taveta, ambako Wajerumani na Waingereza walipigana zamani. Nilikuwa na kanga yangu ya kanisani, na mkononi nimeshika futi ya kupimia.

Kilima kilikuwa kimezungushiwa mahandaki na seng'enge, na Seng'enge ndiye aliyekuwa bawabu.

"Simama! Unakwenda wapi?"

"Nimeitwa."

"Pita. Usiniguse, nina miiba."

Ndani nawakuta askari na fimbo. Wanachapa mahema. Wanachapa magunia ya mchanga, wanachapa hata meza. Mahema yanalia kwa sauti ya watoto wachanga.

"Jamani! Wamekosa nini?" nikauliza.

"Hawajakosa," Seng'enge akanijibu kutoka nyuma. "Tunapiga kambi. Kambi isipopigwa haikai."

Nilishika mdomo. Hema moja dogo lilinitazama, likafuta machozi kwa kamba yake, likaendelea kupigwa.

Mkuu wa kambi alikuwa kofia. Si mtu aliyevaa kofia. Kofia yenyewe, imekaa hewani pale ambapo kichwa cha mtu mrefu kingekuwa. Wote walimwita Bwana Kofia, nami nikamwita hivyo hivyo, kwa sababu mgeni hufuata wenyeji.

"Umekula kiapo?" akaniuliza.

"Sijala, bwana. Nimekunywa chai tu."

Kiapo kikaletwa kwenye sahani ya bati. Kilikuwa cha rangi ya majivu, kina mfupa katikati, na ladha yake ni ya sabuni ya mche. Nikataka kukimeza haraka kimalizike.

"Tafuna," akasema Bwana Kofia. "Kiapo kisipotafunwa humrudi mtu."

Nikatafuna. Nilipoinua uso, kambi haipo. Tuko ndani ya duka langu la kushonea, pale Mwatate, ila dirisha limekuwa tundu la kupigia risasi na cherehani yangu imeelekezwa nje. Nakanyaga. Inatoa risasi, tatatata, na kila risasi inatoka na uzi mweupe. Wateja wamepanga foleni na sare za watoto wa shule, wananiambia nisisahau mifuko.

"Adui yuko wapi?" nikauliza.

"Hajarudi tangu alipoondoka," akasema Bwana Kofia.

"Sasa nampiga nani?"

"Piga tu. Wewe umekula, au hukula?"

Nilikuwa nimekula kweli.

Kisha akaniambia nimfuate nikapokee zamu. Nikafikiri zamu ni jina tu la kazi ya kulinda. Tukatoka kwa mlango wa nyuma, nao ukatuingiza kwenye handaki refu, na mwisho wa handaki amesimama kijana peku, kifua wazi, amekumbatia kitu kikubwa cha kijivu. Kitu chenyewe kinapumua.

"Ile ndiyo zamu," akasema Bwana Kofia. "Haiwekwi chini. Hupokewa."

Kijana alinitazama. Paji lake la uso lilikuwa paji la mama yangu, lile lile, na mkunjo wake katikati. Nikahisi baridi kwenye jua lile.

"Unaitwa nani, baba?"

"Mwachofi wa Mghanga. Natoka Bura."

Mwachofi wa Mghanga ni kaka wa nyanya yangu. Alichukuliwa akabebe mizigo ya wanajeshi, akaambiwa ni safari fupi, na kwao hawakuletewa hata habari ya kaburi. Na sasa amesimama mbele yangu, mdogo kuliko kitinda mimba wangu.

"Shikamoo, babu," nikasema.

"Shikamoo, mama," akasema yeye, kwa pamoja nami.

Kila mmoja akamngoja mwenzake aitike marahaba. Hakuna aliyeitika.

"Mama," akauliza, "hivi vita vimekwisha?"

Nikamgeukia Bwana Kofia. "Hamjamwambia?"

"Habari za vita huambiwa askari," akasema. "Huyu ni mpagazi."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza bei ya vifungo.

"Vimekwisha, babu," nikamwambia Mwachofi. "Vimekwisha zamani sana. Lete."

Nikanyoosha mikono, akanipa zamu. Ilikuwa nzito kama mtu aliyelala, na ina joto la homa. Alipoiachia, mikono yake ilibaki imejikunja vile vile, akawa anaiangalia kama si yake.

"Vizuri," akasema Bwana Kofia. "Sasa utasimama mpaka upokewe."

"Nitapokewa na nani?"

"Una wajukuu?"

Nilimwona mjukuu wangu Kadogo, anayeanza kujua kufunga kamba za viatu, amesimama kwenye handaki hili na kitu hiki kifuani. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ya kuzaa.

"Nani alisema zamu lazima ipokewe?" nikauliza.

"Ni amri."

"Iko wapi?"

Bwana Kofia akainama kidogo kuelekea kigoda kando ya ukuta. Juu yake pamewekwa chungu cheusi cha udongo, kimefunikwa kwa kitambaa safi. "Ile pale. Amri haivunjwi."

"Imewahi kujaribiwa?"

Akafikiri. "Hapana," akasema.

Mikono yangu ilikuwa imejaa zamu. Basi nikainua mguu, huu wenye goti linalonisumbua mvua ikitaka kunyesha, nikakipiga chungu teke. Kikaanguka, kikavunjika vipande. Ndani hamkuwa na kitu. Hata vumbi.

Fimbo zote zikanyamaza. Zamu ikapoa mikononi mwangu, ikapungua, ikapungua, mpaka nikawa nimekumbatia kanga yangu mwenyewe. Bwana Kofia akaanguka chini, akawa kofia. Mahema yakalala ubavu, yakapumua. Askari mmoja akakaa kwenye gunia akaanza kuvua viatu polepole, akilia.

Mwachofi hakulia. Alilamba midomo yake, ilikuwa imepasuka.

"Kazi yangu ilikuwa kubeba maji ya wakubwa," akasema. "Huku kilimani hakuna maji. Nilibeba, lakini sikuruhusiwa kunywa. Nyumbani ni njia gani?"

"Fuata barabara ya lami, jua la jioni liwe mgongoni."

"Lami ni nini?"

"Ni nyeusi, utaijua. Ukifika Mwatate uliza kwa Mghoi fundi. Ni nyumbani kwa mjukuu wa dada yako. Piga hodi."

"Dada yupo?"

"Hayupo, babu."

"Na maji?"

"Maji yapo."

Akaanza kuteremka, kwanza kwa kutembea, halafu kwa kukimbia, mikono bado imejikunja kifuani. Nikamwita nimpe kanga ajifunike, nikaamshwa na sauti yangu.

Kumekucha. Mume wangu, Mwadime, alikuwa jikoni akinung'unika.

"Mama Wakesho, mtungi jana si niliujaza mimi mwenyewe mpaka juu?"

"Uliujaza."

"Mbona mkavu?"

Nikaenda kutazama. Mtungi ulikuwa mkavu kweli, hata unyevu chini hamna. Kikombe kilikuwa juu ya kifuniko, kimefutwa vizuri na kugeuzwa kifudifudi, kama afanyavyo mtu aliyelelewa kushukuru kwenye nyumba ya watu. Kwetu hakuna anayekigeuza kikombe.

"Marahaba, babu," nikasema.

"Unasema na nani?" akauliza Mwadime.

Nikamwambia alete maji mengine, mimi nikaongeza unga kwenye uji, utoshe mtu mmoja zaidi.