Kitufe cha "Nina Hakika"

Jumanne, tarehe tisa Juni. Asubuhi kulikuwa na manyunyu membamba, yale yasiyolowesha nguo ila yanaiachia harufu, na Mama Stoo aliwahi kazini kuangalia kama mashuka hayajashika unyevu. Pale hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lingine. Tangu ujana wake alikuwa akipokea mashuka na blanketi, akiyapanga rafuni na kuyatoa wodini, na aliweza kunyoosha mkono gizani akagusa shuka la mtoto bila kukosea. Sasa stoo ilikuwa inaingizwa kwenye kompyuta. Mkuu wake alikwisha kumweleza, tena kwa upole, kwamba akifaulu mtihani wa kozi ya jioni ya kompyuta, funguo zitabaki kwake. Asipofaulu, atahamia chumba cha kufulia.

Jioni ile mwalimu aliwapa mtihani wa mfano, na Mama Stoo akaanguka vibaya.

Mwalimu, kijana wa rika la kitinda mimba wake, alishangaa kuliko hata Mama Stoo mwenyewe. Kila wiki wanafunzi walikuwa wakijipima kwa majaribio madogo. Swali linatokea kwenye kioo, unachagua jibu, halafu unabonyeza kitufe kimoja kati ya viwili: "Nina hakika" au "Sina hakika". Ukisema huna hakika, kompyuta inakueleza jambo lile taratibu, na kesho yake inakurudishia swali. Ukisema unayo, inakuamini na kukupitisha, umepata au umekosa. Kinyozi mmoja, mwanafunzi mwenzao aliyekaa nyuma, alipenda kitufe cha pili mno; walimtania kwamba akiulizwa jina lake pia angebonyeza hicho hicho.

Mwalimu alivuta kiti, akafungua majaribio yote saba ya Mama Stoo tangu kozi ianze. Nina hakika. Nina hakika. Nina hakika. Hata mara moja hakuwahi kukosa hakika, na nusu ya majibu yalikuwa mekundu. Akamuuliza kwa sauti ya chini, imekuwaje.

"Mwanangu, kila swali nafumba macho naomba kwanza. Sasa nikishaomba, nitasemaje sina hakika? Si nitakuwa namvunjia heshima niliyemwomba?"

Kinyozi hakujizuia. "Mama Stoo, wewe si ndiye unayeomba usiingie majaribuni? Mbona jaribio la saba hilo umeingia kwa miguu yako?"

Darasa likacheka, naye akacheka nao, maana kinyozi huyo ndiye aliyemshikia kiti kila jioni akichelewa. Lakini mwalimu hakucheka.

"Mama," alisema, "hiki kitufe hakiulizi kama unamwamini Mungu. Kinauliza kama unajua."

Akamwambia na lililokuwa zito. Alhamisi alitakiwa kupeleka majina ya watakaofanya mtihani wa mwisho wa mwezi. Mtu akianguka, anasubiri mwaka mzima, na stoo haiwezi kumsubiri. Hakutaka kumpeleka mama mzima kwenda kunyang'anywa funguo zake. Hakujua afanye nini.

Nyumbani Mama Stoo alimsimulia mumewe, dereva wa gari la wagonjwa, akitegemea kupewa pole. Mumewe alikuwa akipiga viatu rangi na hakuinua uso.

"Mama watoto, mimi nikiwasha gari naomba. Halafu natazama vioo. Sijasikia malalamiko kutoka juu."

Mama Stoo alinuna mpaka chakula kikapoa. Alipopiga magoti kusali, maneno yalikuja machache kuliko kawaida, na hakuomba jibu lolote.

Alhamisi alitangulia darasani. Akafungua jaribio la kwanza kabisa, akaomba, akafumbua macho. Umeandika barua, hukuihifadhi, umeme ukakatika: barua iko wapi? Swali hilo alilikumbuka. Wiki ya kwanza alilipatia akashukuru. Wiki ya pili lilipotokea tena kwenye jaribio jingine, alichagua jibu tofauti kabisa, kwa hakika ile ile. Kidole kilielea juu ya kitufe cha pili kama mtu anayepima maji ya moto. Akabonyeza.

Kompyuta haikumcheka. Ilimweleza kwamba kuna mahali kazi inapokaa wakati inafanywa, na mahali inapotunzwa ikisha kuhifadhiwa. Akasoma tena, midomo ikicheza. Mezani na rafuni! Nguo iliyoachwa mezani, mfagiaji akija jioni huikuti. Ya rafuni ndiyo yako. Barua ilikuwa imebaki mezani. Akaenda swali la pili, sina hakika. La tatu alilijua kweli, na utamu wa kubonyeza "Nina hakika" pale ulimfanya ajikohoze.

Wenzake walipoingia walimkuta ameinamia kioo. Mwalimu alisimama nyuma yake akatazama yale majibu, mekundu yakiwa bado mengi, lakini safari hii kila moja likiwa na maelezo yaliyosomwa.

"Jina lako nalipeleka, mama," alisema. "Ila nipe neno lako."

"Mpe, mama," kinyozi akadakia. "Mficha uchi hazai."

Mama Stoo alifunika mdomo kwa mtandio mpaka kicheko kikapita. Kisha akasimama, akawageukia wote.

"Naahidi mbele yenu, na mbele ya Mungu anayenisikia. Nikijua nitasema najua. Nisipojua nitasema sijui, hata kama nimetoka kuomba sasa hivi. Na kuanzia leo namwomba akili. Majibu nitayatafuta mwenyewe."