Uzi wa Nne

Ekofo alifundisha gitaa kwa kipigo. Alikuwa na waya wa amplifaya iliyokufa, ameukunja mara mbili, na aliyekosea mazoezini ulimshukia kwenye mkono wa kushoto. Bendi nzima tulikuwa na alama zake. Mimi mpiga besi nilikuwa nazo pia, na nilimchukia mtu yule kama jino bovu.

Mpiga gitaa wetu wa mi-solo, lile gitaa la kati ya la mdundo na la solo, alipohamia Brazzaville, Matondo akaja kutoka Boma kuomba nafasi. Alikuwa ameacha kazi bandarini na hakuwa na pengine pa kwenda.

Jaribio la Ekofo lilikuwa moja: anavunja kodi, yaani sauti zinazopigwa pamoja, noti moja moja, nawe unataja umbali kati ya sauti mbili. Do hadi mi ni ya tatu, do hadi la ni ya sita. Matondo alitazama vidole vya Ekofo, akasema ya tatu. Akachapwa. Akakaza kuwa ni ya tatu, akachapwa mpaka ngozi ikachanika. Ni kosa la mgeni. Kinshasa, gitaa la mi-solo huvuliwa uzi wa nne ulio mnene, likafungwa mwembamba. Vidole hukaa palepale, lakini sauti ya chini inaruka juu ya mwenzake, na ya tatu inageuka kuwa ya sita. Ekofo hakumweleza hayo. Alimwambia tu arudi Ijumaa, na akikosa tena asionekane mjini.

Nilimpeleka kwangu, mtaa wa Bandal, nikamweleza habari ya uzi, kisha nikamfumbisha macho. Nilimwambia ya tatu ni watu wawili wanaozungumza benchi moja; ya sita ni walewale, wanaitana ng'ambo na ng'ambo ya barabara. Alijifunza mkono ukiwa umevimba, na hakulalamika hata kidogo.

Ijumaa Ekofo akapiga, vidole vilevile, palepale. Matondo alikuwa amefumba macho.

"Ya tatu," akasema.

Nikajua amekwisha. Kisha sikio langu likanishtua, nikalitazama gitaa vizuri. Ekofo alikuwa ameurudisha uzi mnene, ili Matondo aseme ya sita na anaswe.

"Ni ya sita," Ekofo akasema. "Lete mkono."

Matondo akaunyoosha mwenyewe. "Piga ukitaka, bosi. Ni ya tatu."

Waya ukashuka. Ekofo akapiga noti tena, akauliza tena, akapata jibu lilelile, akachapa tena. Damu ikaanza kudondoka sakafuni. Sote tulikuwa tumesikia ni ya tatu, na Ekofo alijua tumesikia. Hilo ndilo lililomtia wazimu. Akamwangusha Matondo chini, akakikanyaga kile kiganja kwa kisigino. Kidole kikalia kama ukuni mkavu.

Nilimpiga Ekofo kichwani kwa besi, na nilifurahi. Nikampiga tena alipojaribu kuinuka. Mpiga ngoma akaja, na hata mwimbaji wetu, anayeogopa kuchafua viatu, akamvunja meno kwa viatu hivyohivyo. Ekofo alitoka akitambaa mpaka uani, akiwaita kaka zake.

Walikuja na gari, tukadhani wamekuja kupigana. Hawakutugusa. Walipakia ngoma, vipaza sauti, amplifaya na magitaa yote, pamoja na besi yangu yenye nywele za ndugu yao. Hatukuwazuia, kwa kuwa vyote vilikuwa vya Ekofo. Mjini kwetu ala ni za bosi. Mwanamuziki ana nguo zake za jukwaani, basi.

Tukabaki katika chumba kitupu, tumelowa damu. Mpiga ngoma alimfunga Matondo kidole kwa kipande cha kijiti chake. Nilisimama mbele ya wote, hasira bado imenijaa, nikamwambia, "Mdogo wangu, nafasi ni yako. Umeipata kwa haki."

Akatazama ukutani pale amplifaya zilipokuwa zimepangwa.

"Asante, kaka," akasema. "Nafasi ya wapi?"