Pedi ya Ndani

Harufu ya kuungua ilimfikia Ruguru kabla ya pikapu yenyewe kufika langoni. Akauweka mtungi wa maziwa chini kwenye nyasi zenye umande, akangoja. Gachoki, dereva wake, alipolisimamisha gari, gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa likitoa joto kama jiko lililoepuliwa ugali sasa hivi.

"Umeanza tena," Ruguru alisema.

"Cucu," Gachoki alisema, akimwita nyanya kwa heshima, "sijafanya kitu. Nimeshuka na gia ya pili kutoka kule kwa majani chai. Breki nimegusa pale kwa daraja tu."

"Basi nani anakula hizo pedi za breki? Panya?"

Gachoki alikuwa mtu mzima, ana mke na mtoto mchanga, lakini siku hizi akiulizwa habari ya breki aliangalia viatu vyake. Pedi za upande huo zilibadilishwa mvua zikianza, na kabla mvua haijaisha zilikuwa zimekwisha tena.

Na leo ndiyo siku ya ukaguzi. Chama cha maziwa kilikuwa kimeyaita magari yote yanayowakusanyia wakulima maziwa huku Kianjokoma. Gari likikosa stika ya ukaguzi, njia yake ya kukusanya maziwa inapewa mwingine. Tangu Ruguru amzike mzee wake, njia hiyo ndiyo iliyomlisha, na ndiyo iliyomlisha Gachoki pia.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo Gachoki hakulijua. Juma lililopita Ruguru alienda ofisini kwa mkaguzi, Bwana Kaimenyi, akamwambia kwamba dereva wake anakanyaga breki ovyo na akikatazwa hasikii. Kaimenyi aliitikia kwa kichwa polepole, akasema, "Tumekusikia, mama." Ruguru alirudi nyumbani akaliombea jambo hilo, ingawa alijua moyoni kwamba maombi yalipaswa kutangulia.

Walipomaliza kushusha maziwa walipitia kwa Swaib, fundi mwenye kibanda cha mabati kando ya barabara ya Embu. Swaib alipiga jeki, akatoa gurudumu, akalala ubavu chini. Alikaa huko kitambo akinung'unika peke yake.

"Mama, hebu inama uone. Hii pedi ya ndani imebaki chuma tupu. Ya nje iko karibu mpya. Sasa mguu wa Gachoki umechagua aje ya ndani, tena ya kushoto peke yake?"

Ruguru aliinama, akashika magoti. Aliona.

"Ni kalipa, hiki chuma kinachobana pedi, imeshika," Swaib alisema. "Inafaa iteleze kwa hizi pini mbili. Ukiachilia breki, nayo inaachilia. Hii yenu haiachilii. Mnatembea mchana kutwa breki ikiwa imebana, kama mtu anayetembea amefungwa mguu."

Aliishika pini kwa koleo, akaizungusha, akaigonga kwa nyundo, akavuta. Ilitoka shingo upande. Mpira uliokuwa umeifunika ulikuwa umefura kama maharagwe yaliyolowekwa. Swaib aliipeleka pini puani, akanusa, kisha akaanza kucheka hadi akakaa kitako.

"Wallahi hii inanuka boma la ng'ombe! Nani amekamua kalipa?"

Gachoki alimtupia Ruguru jicho mara moja, akageuka upande wa barabara. 

Hapo Ruguru akakumbuka. Mvua zikianza, breki zilikuwa zikilia, Gachoki akaja jikoni kuomba grisi ya kupaka pini. Yeye akamnyooshea mkebe wa mafuta ya kukamulia, yale ya kupaka chuchu za ng'ombe. Nyumbani kwake mkebe huo ulifanya kila kazi: nyufa za miguu, bawaba za lango, hata kufuli la kanisa ambalo wazee walikuwa wameshindwa nalo. Gachoki alisitasita, ndiyo. Naye Ruguru akamwambia, "Mafuta ni mafuta, paka twende."

"Ni mimi," Ruguru alisema. "Mimi ndiye nilimpa."

"Kwa chuchu ni dawa, mama. Kwa mpira wa breki ni sumu. Unafura unabana pini." Swaib aliacha kucheka alipomwona uso. "Usijali. Si wewe wa kwanza huku kwa watu wa ng'ombe."

Alisugua pini kwa msasa, akafuta kila kitu, akaweka mipira mipya, pedi mpya na grisi yake yenyewe ya breki. Aliposukuma gurudumu kwa kidole lilizunguka bila kelele.

Ndani ya gari Ruguru aliuliza, "Mbona hukusema?"

"Ningesema aje, Cucu? Ati ni wewe?"

Ruguru alifungua mdomo amwambie habari ya ofisini. Gari likawa limeshaingia uwanja wa chama.

Bwana Kaimenyi alikuwa akipita kati ya pikapu na stika mkononi, viatu vyake safi, hajapiga goti mahali popote. Alibandika moja, akapiga bati kofi, akaenda kwa nyingine. Alipofika kwa Ruguru alimwambia Gachoki aendeshe mpaka kwenye tangi la maziwa na asimame. Gachoki aliendesha, akafunga breki, gari halikuvuta upande wowote.

"Gari liko sawa," Kaimenyi alisema, akaibandua stika nusu kutoka kwenye karatasi yake. Kisha akatulia. "Lakini kuna ile ripoti. Dereva huyu inabidi abadilishwe."

"Ripoti gani?" Gachoki aliuliza.

"Muulize mama. Si yeye alikuja kwangu? Iko kijana, Mutugi, ana leseni safi. Anaweza kuanza kesho asubuhi."

"Mutugi wa nani?" Ruguru aliuliza.

"Wa dada yangu. Hiyo si shida."

Gachoki alimwangalia Ruguru, na safari hii hakuangalia viatu.

Ruguru alitembea hadi mahali wakulima na madereva walipokuwa wamesimama, akaweka kitambaa chake cha kichwa sawa, akasimama kama wanavyosimama Jumapili wakati wa ushuhuda.

"Bwana asifiwe."

"Amina," watu waliitikia kwa mazoea, kisha wakatazamana.

"Mama, hapa si kanisani!" Kaimenyi alisema.

"Nilimsema Gachoki vibaya ofisini. Nilisema anaharibu breki. Aliyeharibu ni mimi. Nilimwambia apake kalipa mafuta ya kukamulia."

Kicheko kilipasuka. "Na ilitoa lita ngapi?" Nelius, jirani yake, alipiga kelele, akifuta machozi kwa leso. Mzee mmoja akasema, "Si basi amejisahihisha? Mpe stika yake aende."

"Ripoti ikiingia haitoki," Kaimenyi alisema. "Mimi nafuata utaratibu. Ni Mutugi, ama hakuna."

"Na hilo gari umebandika sasa hivi," Ruguru alisema, akionyesha kwa kidevu, "magurudumu yake umeangalia?"

"Hilo hakuna mtu amelilalamikia."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Watu walianza kuangalia mitungi yao. Nelius alikunja leso yake ikawa ndogo, kisha ndogo zaidi.

Gachoki alikuja karibu. "Chukua, Cucu," alisema kwa sauti ya chini. "Chukua stika. Mimi nitatafuta kitu."

Ruguru aliiangalia ile stika iliyobanduliwa nusu, inapeperuka kwenye kidole cha Kaimenyi. Alifikiria ng'ombe wake wawili, na maziwa ya majirani yatakayobebwa na wengine kesho. Alifikiria pia mke wa Gachoki na yule mtoto.

"Washa gari," alisema.

"Mama, fikiria vizuri," Kaimenyi alisema.

"Nimefikiria vibaya juma zima. Washa, Gachoki."

Walizunguka tangi, mitungi mitupu ikigongana nyuma. Gachoki alishika usukani kwa mikono miwili, hakumwangalia, naye Ruguru hakumlazimisha. Langoni askari alishika kizuizi, akachungulia kioo akitafuta stika.

"Mmepita, mama?"

"Gari limepita, baba," Ruguru alisema. "Ni sisi tumeachwa."

Askari alitazama nyuma uwanjani, kisha akawafungulia.