Besi ya Dengu na Sukari

Mwalimu Timothy, mkuu wa kwaya yetu kule Bungoma, aliwahi kunitangazia kwenye grupu ya kwaya kwamba mtunzi asiyekuja mazoezini si mtunzi. Nikamjibu kwamba niko Al-Safa, Jedda, nafua mashuka ya watu. Akasema basi nitume "Mtakatifu" mpya, sauti zote nne, kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Ikikosekana hata moja, sikukuu ya parokia wataimba wa mtu mwingine. Nilikasirika hadi nikatunga vizuri.

Ijumaa asubuhi sauti tatu zilikuwa zimeshakwenda. Besi ilibaki kwenye kikaratasi juu ya friji, bado kupigwa picha. Nikaenda kuoga. Niliporudi, karatasi hakuna.

Mzee Mbarouk, dereva wa nyumba, Mzanzibari aliyezaliwa hapahapa Jedda, alikuwa akishusha mifuko. Simlaumu. Madam huagiza vitu mbiombio, kwa hiyo orodha ya sokoni mimi huandika herufi za kwanza tu: d dengu, r ruzi, yaani mchele, m maziwa, f ful, yaani maharage, s sukari, l limau, t tende. Sasa nenda kamweleze kwamba hizo pia ni noti za wimbo: do, re, mi.

"Mwanangu, kuna hitima?" akaniuliza. "Sukari pakiti kumi na tisa!"

"Mzee, karatasi iko wapi?"

"Nimeshaitupa. Lakini nimenunua kwa mfuatano uleule ulioandika. Risiti hii hapa."

Nilitaka kulia. Badala yake nikachukua kalamu.

"Nisomee, mzee. Kutoka juu."

"Dengu."

"Do," nikaimba.

"Dengu. Sukari. Sukari. Maziwa." Alisoma huku akitazama saa, maana sala ya Ijumaa ilikaribia. "Siki. Sukari. Dengu."

Madam Wafaa akasimama mlangoni, akazitazama kilo kumi na moja za dengu.

"Eish hada, Metrine? Nini hiki?"

"Chakula cha jioni, madam."

Nilituma saa sita kasoro dakika tatu.

Jumapili Mwalimu Timothy akanitumia ujumbe wa sauti. "Metrine, pale kwa Hosana kila mtu anangoja besi ipande hadi la. Inakataa! Inakaa so! Eucabeth wa soprano alilia mpaka akasahau kuimba. Nani alikufunza hiyo?"

Hakuna aliyenifunza. Mimi niliandika la, nakumbuka. Nikamfuata mzee gereji.

"Mzee, ile siki niliandika mimi?"

"Uliandika limau. Limau mafi, hakuna dukani. Nikasema ukali ni ukali, nikachukua siki."

Nilicheka, kisha nikalia kweli, maana wiki nzima nilikuwa nimesali rozari nikimwomba Roho Mtakatifu anisaidie palepale kwa Hosana. Nikaandika upya ukurasa wa kwanza, juu kulia: Watunzi, Metrine na Mbarouk. Nikautuma.

Mwalimu Timothy akajibu papo hapo. "Huyu Mbarouk ni wa parokia gani?"

"Al-Safa," nikamwandikia.