Utani Kwenye Kilio cha Komanda

Koti la marehemu lilimfika Adolphine magotini. Alitia mto tumboni, akavaa na kofia, akatoka mbele ya waombolezaji akichechemea kama Komanda Alphonse, mguu mmoja ukiomba ruhusa kwa mwingine. Chini ya turubai watu wa mji wa Baraka wakacheka. Hata mjane alijifunika mdomo kwa kitenge.

Ukoo wa Adolphine na wa Komanda ni watani. Kwenye kilio mtani humwigiza marehemu, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Ndiyo maana Adolphine alimngoja Komanda afe. Wakati wa vita na baada ya vita hakupata mlango mwingine wa kuuliza mumewe Élie, aliyetolewa kanisani na askari wa Komanda pamoja na wanaume wenzake, alitupwa wapi.

"Mama, leta kuku!" alinguruma kwa sauti ya marehemu. "Nimekuya kukulinda. Leta na mbuzi, nikulinde zaidi!"

Vicheko. Fabien, zamani mlinzi wa Komanda, sasa shefu, mkuu wa mtaa, alicheka kuliko wote, bia mkononi. Adolphine akamsogelea mpaka akanusa pumzi yake.

"Soldat Fabien! Gardavu!"

Kwa amri hiyo ya kijeshi visigino vya Fabien vikagongana. Chupa ikaanguka.

"Bale banaume ba kanisa, ulibaweka wapi?"

"Mu shimo nyuma ya soko, Komanda! Pale penye byoo!"

Watu wote wakamgeukia. Fabien mwenyewe alikuwa wa mwisho kusikia alichosema.

"Rudilia," Adolphine akasema. Sauti sasa ilikuwa yake, nyembamba.

Fabien akamtazama. Kisha akaanza kupiga makofi, taratibu.

"Mama Adolphine, we unajua kuchekesha! Na mi nimekuchekesha. Ni utani, bandugu. Ao kuko mwenye kukasirika?"

Mmoja akapiga makofi, kisha wengine. Shukuru, mdogo wake Élie, naye alipiga, macho chini.

Kesho yake, Adolphine alipoomba jalada lifunguliwe, ofisa wa polisi hakuinua hata kalamu. "Mama, maneno ya utani haiwezi fungula dosié."

Adolphine akapitia sokoni. Sakafu ya vyoo ilikuwa ya saruji, imeoshwa, bado inang'aa maji. Alivua ndala. Akasimama mlangoni, hajui akanyage wapi.

"Mama, unaingia ao hauingie?" mwanamke mwenye ufunguo akapiga kelele. "Batu banabanwa!"

Nyuma yake foleni ikacheka.