Filimbi ya Nyapara

Mnyororo wa baiskeli ulichomoka kabla hata hawajatoka mtaani. Fundi cherehani alishuka, akaurudisha kwa vidole, akajipangusa grisi kwa kitambaa alichokibeba kwa kazi hiyo hiyo, maana tabia za baiskeli yake alizijua. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alisimama pembeni akihema, ilhali walikuwa bado kwenye tambarare.

"Shemeji, mnara hauhami. Twende kesho."

"Ndivyo ulivyosema mwaka jana."

Walikanyaga pedali asubuhi nzima. Barabara ya mnarani inapanda tangu inapoanza, na ukidhani umefika juu, unakuta imetulia kidogo tu ili ipande tena. Kipande cha mwisho walizikokota baiskeli kwa mkono. Pale chini ya mnara shemeji aliketi kivulini, akatangaza kwamba magoti yamegoma na kwamba atalinda baiskeli. Hakuna aliyewahi kuiba baiskeli pale.

Ngazi za ndani ni nyembamba, zimelika katikati kwa nyayo za watu wa karne nyingi. Alipanda akishika ukuta. Huko juu, mwongoza wageni alikuwa akionyesha dirisha ambalo kwalo mfalme aliwachungulia maadui zake. "Na hapa jihadharini na chokaa, bado mbichi," alisema. Wageni wakampisha mwashi, wakapiga picha, wakashuka.

Mwashi huyo ndiye mumewe. Ukuta ulimwangukia pale pale, wakati wa ukarabati. Alizikwa Ijumaa, watu wakajaa. Jumatatu alikuwa kazini.

"Mama watoto, umekuja," alisema bila kugeuka, kwa kuwa mwiko wake ulikuwa na chokaa.

"Nimekuja kukuchukua. Teremka, ukapumzike kama marehemu wenzako."

"Filimbi bado."

Kwa waashi wa mnara ule, hakuna anayeshuka jukwaani kabla nyapara hajapuliza filimbi. Anayeshuka kabla ya hapo amejifukuza kazi. Siku ile mvua ilikuwa imelowesha ukuta tangu alfajiri, nyufa zinaonekana kwa macho. Waashi walimwita nyapara, naye akasema ana wageni wa chakula cha mchana, akirudi atapuliza. Alichelewa kurudi. Baadaye aliapa mbele ya wakubwa kwamba alipuliza, na kwamba marehemu alikaidi. Wakubwa walimwamini. Sasa ndiye mkuu wa mnara, na ofisi yake iko chini, karibu na lango.

Fundi cherehani alishuka ngazi zote mpaka ofisini. Mkuu alimpa kiti, akamuulizia watoto. Filimbi ilining'inia kifuani pake, juu ya tai.

"Ipulize mara moja tu, mzee. Anakusubiri wewe."

"Mama, nikipuliza leo, si watu watasema siku ile sikupuliza?"

"Hukupuliza."

Mkuu hakukasirika. Alichungulia dirishani, akautazama ukuta kwa kuridhika.

"Isitoshe, yule bwana anajua kazi. Upande ule ulikuwa unamomonyoka, tazama ulivyonyooka. Hali chakula, haugui, haombi likizo. Nimtoe, nimweke nani?"

Fundi cherehani alitamani kuing'oa filimbi ile pamoja na shingo yenyewe. Lakini ingekuwa kazi bure: mwaka juzi alikuja na filimbi ya kwake akapuliza mpaka mashavu yakamuuma, na mumewe akacheka, akasema pumzi ya nyapara anaijua. Basi akaaga vizuri, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, na akaanza kupanda tena.

Safari hii aliketi njiani kila alipoishiwa nguvu. Angeweza kujiendea zake nyumbani, ila alikuwa amemwacha mtu akisubiri jibu.

"Amesemaje?" mumewe aliuliza.

Vidole vyake vilikuwa vimeliwa na chokaa mpaka mfupa unaonekana, na bado alikuwa akisawazisha kingo kwa uangalifu, asije akaaibika. Mkewe alimhurumia kiasi cha kutaka kulia.

"Amesema bado kidogo."

"Si nilikwambia? Nyapara si mtu mbaya, ana mambo mengi tu. Haya, nisogezee hilo jiwe, mgongo unaniuma."

Lilikuwa zito. Aliliinua kwa mikono miwili, akamsogezea, kisha akainama kuchukua lingine.