Ndege wa Nyumbani kwa Hamida

Yassini alihamia Mnyambe na begi moja na jembe, kama wanavyohamia waume wa huku. Mwanamume humfuata mke kwao, akajenga kwenye kiwanja cha ukoo wa mke, akapalilia mikorosho isiyo yake, na watoto wakizaliwa wakawa wa mjomba. Hakulalamika. Mkewe Stamili alipokuwa hai hakukuwa na la kulalamikia. Lakini Stamili alikufa kwa homa mwaka juzi, na tangu hapo Yassini aliishi katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake kwa hisani ya shemeji yake, Bwanali.

Bwanali ni mtu wa kutabasamu. Alishasema mara mbili, meno yote nje, kwamba mkwe aliyefiwa hufika siku akakumbuka kwao. Yassini alijifanya hasikii. Kurudi kwao Chidya maana yake ni kumwacha Hamida, bintiye wa miaka tisa, na hakuwa na mtu mwingine duniani.

Sasa, kijiji kizima kina mapaa, na bundi akachagua paa la Yassini. Yassini alimtambua wiki ya kwanza kwa vinyesi vyeupe ukutani na ile sauti ya kufoka darini. Panya waliokuwa wakimlia mahindi wakaisha wote. Nenda basi kawaambie watu wa Mnyambe kwamba bundi ni msaada, si ndege wa mchawi. Mwingine angepiga kelele siku ile ile, akaita majirani, wakamfukuza kwa mawe, na habari ikaishia hapo. Yassini aliogopa kuita macho ya watu kwenye nyumba ya mgane. Akanyamaza, na Hamida alipouliza akamjibu, "Njiwa hao. Usipande huko." Alijiambia makinda wataruka baada ya wiki chache, naye atapumua.

Halafu Mwalimu Upendo, mgeni kutoka Iringa, akawapa watoto kazi: andika ndege wanaotembelea na kutaga nyumbani kwenu, na jinsi ya kuwatambua. Baba na mwana wakakaa barazani siku mbili wakiangaza macho. Wakampata mbayuwayu chini ya upenu, mkia umegawanyika. Wakampata chozi kwenye maua ya mpapai, mdomo umepinda. Wakamwandika mnana, fundi wa viota. Yassini alifurahi sana siku zile, na furaha ikampumbaza.

Siku ya tatu, baba akiwa shambani, Hamida alipanda darini. Akaandika namba nne kwa mwandiko wake mzuri: "Bundi. Uso mweupe kama sahani. Makinda watatu. Baba anasema ni njiwa lakini si njiwa."

Mwalimu akampa kumi kwa kumi na kubandika karatasi ukutani, penye kikao cha wazazi. Mzazi mmoja akaipiga picha. Hata kikao hakijaisha, picha ilikuwa imeingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Baada ya alasiri Bwanali alifika na watu kumi na wawili. Akamwonyesha Yassini simu.

"Bundi ni ndege tu, shemeji," alisema Bwanali, mpole kabisa. "Anatua popote. Mimi naulizia huyo njiwa."

"Niliogopa, shemeji."

"Uliogopa nini, kama si wako?"

Watu wakatazamana, na kila mmoja akaikumbuka homa ya Stamili kwa namna yake.

"Mimi sikuhukumu," Bwanali akasema. "Washushe. Waue mbele yetu, tujue si wako. Ukifanya hivyo, kaa na mtoto wako hapa mpaka uzeeke."

Basi akapanda. Akawashusha mmoja mmoja mikononi, wana manyoya laini kama pamba. Hamida alikuwa amesimama mlangoni. Yassini alimwomba mtu amtoe pale, hakuna aliyesogea. Akamnyonga wa kwanza, akamnyonga wa pili.

"Baba, huyo hajui hata kuruka," Hamida akasema.

Akamnyonga wa tatu. Alifanya hivyo kwa ajili yake, na hakuwa na namna ya kumweleza mtoto jambo hilo.

Bwanali aliinama akawatazama wale makinda, kisha akaitazama mikono ya shemeji yake, juu na chini.

"Mmeona?" akawauliza watu. "Hata mmoja hakumdonoa. Wanamjua mfugaji wao."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Na kama wangemdonoa, watu hao hao wangesema ndege wanamdai. Mzee mmoja akaenda ndani mwenyewe kuchukua begi la Yassini.

"Shemeji, uliahidi," Yassini akasema.

"Niliahidi kama si wako. Lakini mimi si mkatili, tumuulize mwenye haki yake." Bwanali akamgeukia msichana. "Mama, baba yako anakwenda Chidya. Mila inasema ubaki, ila leo mimi nakupa ruhusa. Utakwenda naye?"

Yassini akapiga goti kwenye mchanga, akamnyooshea mikono yote miwili. Hamida aliitazama ile mikono, kidole kwa kidole, manyoya meupe yakiwa bado yameganda kwenye jasho.

"Nabaki," akasema, akazunguka nyuma ya mjomba wake na kuishika kanzu yake.